Duvi na Bamvua: shajara ya gemu ya mkononi yenye vitufe vitatu

12 Januari 2024

Leo sikukuu ya Mapinduzi, mji umetulia, na mimi nimepata siku nzima ya kukaa na wazo lililonisumbua tangu mwaka jana. Nataka kutengeneza gemu ya kushika mkononi, mashine yake nikiiunda mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana hapa Unguja au vinavyoweza kuvuka na boti kutoka Dar. Hatua ikimalizika nitaiandika hapa ili atakayetaka kuiga aige. Makosa nitayaandika marefu kuliko mafanikio, maana ndiyo yanayokula pesa.

Kwa nini mashine na si simu? Nilikuwa bado skuli umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Simu zilikuwa zinachajiwa kwa kubembeleza wenye jenereta. Kitu kimoja tu nyumbani kilibaki hai: ile gemu ya matofali yanayoshuka, ya betri mbili ndogo, tuliyokuwa tukiipokezana barazani. Ukishindwa, mpe mwenzio. Bibi yangu hajui kusoma lakini alikuwa akitushinda sote. Ninachokitaka ni kitu cha namna ile: ukipewa mkononi hukuelezwa lolote, na nusu dakika baadaye unajua unafanya nini.

Shujaa ni kaa duvi, yule anayejifutika ndani ya kombe la konokono na kuhama kila akikua. Fumbo lenyewe ni hili: kombe jepesi huelea, kombe zito huzama. Maji yanajaa na kupwa. Duvi aanzie kushoto mwa skrini, afike kwenye tundu lake kulia. Hakuna adui, hakuna kufa. Ukikwama, unaanza chumba upya.

Mfano ninaoufuata ni Arduboy, kimashine cha ukubwa wa kadi ya benki alichokibuni Kevin Bates wa Marekani na kukichangishia fedha Kickstarter mwaka 2015. Michoro yake na programu zake ziko wazi, kwa hiyo mtu anaweza kujiundia chake kwa Pro Micro, kibao kidogo cha kielektroniki chenye chipu ileile ya ATmega32U4. Chipu hiyo ina baiti 32,768 za kuhifadhia programu (4,096 zinaliwa na programu ya kuwashia, unabakiwa na 28,672), na memori ya kufanyia kazi ni baiti 2,560 tu. Picha moja ya WhatsApp haiingii humo hata kona yake.

27 Januari

Kibao kimefika, shilingi 28,000. Skrini ya inchi 0.96 nimeipata hapahapa mjini kwa 15,000, na furaha yangu ilikuwa kubwa kiasi cha kutohesabu pini. Hesabuni pini jamani.

Skrini yangu ina pini nne. Ya pini nne hupokea picha kwa njia ya I2C, biti moja moja juu ya waya mmoja, na kila baiti inafuatana na biti ya tisa ya kuitikia. Skrini ya pikseli 128 kwa 64 ina pikseli 8,192, yaani baiti 1,024 kwa kila picha. Zizidishe kwa biti 9, unapata biti 9,216. Kwa kasi ya kawaida ya 100 kHz, picha moja inachukua milisekunde 92. Hizo ni picha kumi na ushei kwa sekunde. Duvi alikuwa hatembei, alikuwa akitokezea mahali kama jini.

Nimepandisha kasi hadi 400 kHz, mstari mmoja tu wa msimbo, na picha sasa inachukua milisekunde 23. Inatosha kwa fremu 30 kwa sekunde. Nimeifunga hapo na nitaendelea hivyo mpaka nipate skrini ya pini saba, inayotumia SPI, njia yenye kasi zaidi. Kwa SPI ya 8 MHz picha nzima hupita kwa milisekunde moja hivi. Anayeanza leo aanze na pini saba moja kwa moja.

11 Februari

Vitufe vimelehemiwa: mguu mmoja kwenye pini ya kibao, wa pili kwenye GND (upande hasi wa umeme), na kwenye msimbo INPUT_PULLUP, amri inayoiweka pini juu mpaka kitufe kibonyezwe. Haina zaidi. Arduboy2, maktaba ya msimbo uliokwisha kuandikwa, ndiyo inayochora na kusoma vitufe.

Mwanzo nilikuwa na vitufe sita: pande nne, kuruka, na kubadili kombe. Nilimpa mpwa wangu wa miaka minane. Dakika ya kwanza alikuwa akinitazama mimi badala ya skrini, kila mara aulize, "Mjomba, hiki cha nini?" Juu na chini havikuwa na kazi ya maana, nikavitoa. Kikabaki kile cha kubadili kombe, na hicho ndicho alichokuwa akikichanganya na cha kuruka. Basi nikaamua: Duvi akikanyaga kombe, anahama mwenyewe.

Hapo nikapata kioja. Duvi akikanyaga kombe anaingia, na lile la zamani analiacha palepale alipo. Fremu inayofuata mashine inaangalia: Duvi amekanyaga kombe? Ndiyo. Anahama tena. Mara 30 kwa sekunde Duvi alikuwa akivua na kuvaa, mkubwa mdogo mkubwa mdogo, mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini. Tiba: kombe lililoachwa linalala mpaka Duvi aondoke kabisa kwenye mraba wake wa pikseli 8 kwa 8, ndipo linaamka. Na bila kukusudia, nimepata fumbo la bure, kwa sababu sasa kama hutaki kuhama inakubidi uliruke kombe. Vyumba vitatu vizuri kuliko vyote nimevijenga juu ya jambo hilo.

Vitufe ni vitatu basi: kushoto, kulia, kuruka. Kushoto na kulia kwa pamoja ni kuanza upya. Mwenye kombe jepesi anaruka miraba miwili, mwenye zito mmoja.

Kuna kitu kingine kidogo. Watoto walikuwa wakilalamika kwamba wamebonyeza kuruka na Duvi ameanguka tu ukingoni. Nikawaangalia vidole: kweli wanabonyeza, ila Duvi keshatoka ukingoni kwa pikseli moja mbili. Mashine ina haki lakini mtoto hataki haki. Nimeongeza fremu nne za huruma, yaani baada ya kutoka ukingoni bado unaruhusiwa kuruka kwa takriban sehemu ya nane ya sekunde. Malalamiko yamekwisha siku hiyohiyo.

25 Februari

Wiki mbili hizi zimeliwa na chumba cha tisa.

Vyumba vinane vya mwanzo vilikuwa salama. Nikiongeza cha tisa, gemu inawaka, Duvi anatembea hatua tatu, halafu maji yanapanda mpaka mbinguni, au skrini inajaa madoa, au mashine inajizima na kujiwasha. Kila mara tatizo jipya. Nilikagua kazi ya lehemu yote. Nilibadilisha waya. Nilifikia kumshuku waya wa USB, maskini.

Tatizo lilikuwa hesabu. Chumba kimoja ni miraba 16 kwa 8, yaani baiti 128. Vyumba tisa ni baiti 1,152. Picha ya skrini nayo inakaa kwenye memori, baiti 1,024. Jumla 2,176, na memori yote ni 2,560. Zimebaki 384 za kila kitu kingine: Duvi, makombe, maji, sauti, pamoja na rundo ambalo chipu inalitumia kukumbuka ilikotoka. Rundo hilo hushuka kutoka juu ya memori, vitu vyangu vinapanda kutoka chini, na vikigongana hakuna onyo. Wanaandikiana juu kama watoto wawili kwenye ubao mmoja.

Nilidhani nikiandika "const" vyumba vitakaa kwenye ile sehemu kubwa ya programu. Kwenye chipu za AVR, jamii ya hii yangu, si hivyo: data yote, hata isiyobadilika, inanakiliwa kwenye memori mashine ikiwaka, isipokuwa umeiwekea alama ya PROGMEM na kuisoma kwa pgm_read_byte. Nimefanya hivyo. Memori iliyotumika imeshuka ghafla, na sasa chumba kinachochezwa tu ndicho kinachonakiliwa, baiti 128. Vyumba 40 vitachukua baiti 5,120 za programu, na nafasi ipo.

Programu ya kuandikia msimbo ilikuwa ikiniambia tangu siku ya kwanza, chini kabisa, kwa herufi ndogo, memori imebaki kiasi gani. Nilikuwa siisomi.

9 Machi

Betri. Nimechagua ile ya simu ya tochi, aina ya BL-5C, kwa sababu hakuna kibanda cha simu Unguja au Pemba kisichokuwa nayo. Volti 3.7, mAh 1,020, shilingi 5,000. Ya kuchajia nimenunua kibao kidogo cha TP4056 kwa 2,500. Betri nikaiunganisha kwenye VCC, pini ya umeme ya Pro Micro. Ikawaka, nikafurahi, nikaendelea kuandika msimbo na kuupeleka kwa USB kama kawaida, jioni nzima.

Saa tano usiku nikasikia joto mezani. Betri imevimba kama andazi.

Ukichomeka USB, Pro Micro inaleta volti 5 kwenye VCC. Na VCC yangu imeungana moja kwa moja na betri, ambayo ikijaa haitakiwi kupita volti 4.2. Kwa hiyo kila nilipokuwa nikipeleka msimbo nilikuwa nikiisukuma betri zaidi ya uwezo wake, bila kitu chochote katikati. Niliitoa kwa koleo nikaiweka kwenye mchanga nje, mbali na nyumba, mpaka ikapoa. Usiitoboe, na usiitie kwenye pipa la taka la jikoni.

Tiba ni mbili, na zote mbili ni za lazima. Kwanza swichi ya shilingi 1,000 baina ya betri na kibao, na inazimwa kabla USB haijagusa. Nimeandika kwa rangi nyekundu ubavuni: ZIMA KWANZA. Pili, kibao kingine cha TP4056, kile chenye matundu sita badala ya manne. Yale mawili ya ziada yameandikwa OUT, na nyuma yake kuna ulinzi wa betri. Kinauzwa 3,500. Tofauti ya shilingi elfu moja nilitaka kuiokoa, nikachoma betri ya elfu tano.

Mita inasoma baina ya mA 30 na 35 gemu ikichezwa. Kwa hesabu hiyo betri ikijaa inakaa saa 29 au zaidi. Jenereta hatuibembelezi tena.

24 Machi

Ramadhani. Nafanya kazi baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, kwa hiyo maendeleo ni ya usingizi.

Sauti imeingia, spika ndogo ya shilingi 1,500. Niliitungia wimbo. Mke wangu aliusikia mara arubaini usiku mmoja, akaniuliza kwa upole kama huyo kaa ana haja ya kuimba. Wimbo umeondoka. Zimebaki sauti tatu: tiki ya hatua, mlio wa kuhama kombe, na mporomoko wa maji safu moja ikipanda. Gemu imekuwa bora, na nyumba imetulia.

Kosa la mwezi huu ni la kuhifadhi. Chipu ina EEPROM ya baiti 1,024 ambayo haifutiki umeme ukizimwa. Arduboy2 inajiwekea baiti 16 za mwanzo, zilizobaki ni zako. Nahifadhi humo chumba ulichofikia. Niliiweka amri ya kuhifadhi mahali pabaya, ndani ya mzunguko mkuu, ikawa inaandika kila fremu. Nikagundua kwa sababu Duvi alikuwa mzito kidogo, kila kuandika kunachukua zaidi ya milisekunde tatu. Lakini uzito ulikuwa jambo dogo. Kila baiti ya EEPROM imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000. Kwa mara 30 kila sekunde, dhamana inakwisha chini ya saa moja. Nilikuwa nimeshacheza dakika kama ishirini. Sasa inaandika chumba kikimalizika tu, na kwa amri ya "update", ambayo haiandiki ikiwa thamani ni ileile. Na nimehamia kwenye baiti nyingine, ile ya zamani nimeiacha ipumzike.

11 Aprili, Idi pili

Jambiani, nyumbani kwa ami. Watoto wamejaa, wana mkono wa Idi mfukoni na hawana pa kuutumia mpaka jioni. Siku ya majaribio bora kuliko zote, na gemu yangu imevunjwa vipande vipande.

La kwanza, saa. Nilikuwa nimepanga maji yapande safu moja kila sekunde nane. Watoto wa mjini walikuwa wakikimbia, wanakosea, wanarudia, wanakasirika. Shangazi alijaribu, akapata safu mbili za maji kabla hajaamua kidole gani aweke wapi, akanirudishia: "Chukua, inanisukuma." Mafumbo hayachezwi kwa kusukumwa. Kweli zile za matofali zinasukuma, lakini pale mchezo ndio huo. Hapa nataka mtu afikiri.

La pili, majina. Kombe jepesi nililichora kama simbi na zito kama dondo, kwa sababu yanapendeza na kila mtu anayajua. Ami ni mvuvi tangu kabla sijazaliwa. Alivaa miwani, akaangalia skrini ya inchi moja kwa muda mrefu.

"Huyu kaa kavaa dondo?"

"Ndiyo, ami."

"Mwanangu, dondo mdomo wake ufa mtupu. Kaa ataingilia wapi, kama barua?"

Barza nzima ikacheka. Ana haki. Dondo na simbi wana mdomo mwembamba chini, duvi anataka konokono mwenye mlango wa duara. Pikseli 64 za mchoro, na nilikuwa nimezichora zote kwa ujinga.

La tatu ndilo zito. Ami aliendelea kuangalia maji yakipanda, safu, safu, safu, kwa mwendo mmoja. Akasema, "Haya maji ya mfereji haya. Bahari haijai hivi." Nikamuuliza inajaa vipi. Akanionesha kwa kiganja: inaanza kama haitaki, katikati inakimbia, mwisho inachoka. Mwezi mpya ulikuwa siku tatu zilizopita, yaani bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na pale mbele ya nyumba maji yalikuwa yamepwa mpaka karibu na mwamba. Tukatoka na viti. Nilikaa nikiyatazama yanarudi juu ya mashamba ya mwani, nikaona kwa macho yangu kitu nilichokuwa nikikisoma tu: mabaharia huigawa saa sita za kujaa katika mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja.

Saa sita. Skrini yangu ina safu nane za miraba. Ya chini kabisa ni mchanga, ya juu kabisa ni anga. Zinabaki sita.

Sikulala vizuri usiku ule.

19 Aprili

Maji yameandikwa upya kutoka mwanzo, na saa imeondoka. Sasa maji yanahesabu hatua za Duvi: kila mraba anaovuka kwenda kushoto au kulia ni hatua moja, kuruka palepale hakuhesabiwi. Ukisimama, bahari inasimama nawe, unaweza kwenda kuswali na kurudi.

Mafungu nimeyageuza kuwa hatua. Safu ya kwanza inapanda baada ya hatua 12, ya pili baada ya 6, ya tatu 4, ya nne 4, ya tano 6, ya sita 12. Jumla hatua 44 toka maji makavu hadi maji makuu, kisha yanapwa kwa mpangilio uleule. Kwenye msimbo ni jedwali la namba sita tu. Ile ya mfereji ilikuwa mistari thelathini.

Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Mwanzo wa chumba una nafasi ya kutangatanga na kuangalia. Katikati, kila hatua nne maji yanaruka safu, na hapo mwenye kombe jepesi anapandishwa kama mwenye lifti hadi kwenye majabali ya juu. Maji yakishakuwa juu una hatua 12 za utulivu kabla ya safu ya mwisho. Watu wanaanza kuhesabu midomoni bila kuambiwa. Vyumba vyote ilibidi nivipange upya, na kumi na moja nimevitupa kwa sababu vilikuwa vinategemea haraka na si akili.

Kuna vyumba vya bamvua, safu zote sita, na vyumba vya maji mafu, ambavyo maji hupanda safu mbili tu na kurudi. Nilidhani vya maji mafu vitakuwa vyepesi. Ni vigumu zaidi: maji kidogo hayakubebi popote, inakubidi upange makombe.

Makombe sasa ni ya konokono, mdogo na mkubwa, mlango wa duara. Duvi asipoguswa kwa sekunde tano anajificha ndani na kuacha macho mawili nje. Kazi ya nusu saa, na ndiyo kitu watoto wanachokionesha kwa wenzao kwanza. Mafumbo yangu ya miezi mitatu ni ya pili.

10 Mei

Skrini ya pini saba, inchi 1.3, shilingi 24,000, niliagiza mwisho wa Aprili. Ikakaa Dar: boti zilisimama kwa ajili ya kimbunga Hidaya, kilichopiga Mafia tarehe 4. Jana ndiyo imevuka.

Nikaifunga. Picha yote imejibana kwenye ukanda mmoja mwembamba na kwingine kote chenga tupu, kama televisheni ya antena ya zamani. Nikaanza tena kukagua lehemu, kisha nikajizuia na kusoma kwanza. Skrini nyingi za inchi 1.3 haziendeshwi na chipu ya SSD1306 kama zile za 0.96, ni SH1106. Ni ndugu lakini si pacha. SSD1306 unaimwagia baiti 1,024 mfululizo, inashuka yenyewe ukanda hadi ukanda. SH1106 haishuki, lazima uiambie kila ukanda, na kanda ni nane. Tena memori yake ina safuwima 132 wakati kioo kina 128, kwa hiyo hata ikishashuka picha inakuwa imesogea pikseli mbili.

Kwa bahati ule mfuko wa programu za wanaojiundia Arduboy una chaguo la SH1106 kwenye menyu. Kubofya mara moja. Picha ikakaa sawa, ya kung'aa, kubwa. Na Duvi akawa anakimbia kama kichaa: mfuko mpya umerudi kwenye fremu 60 kwa sekunde, na mwendo wote niliuandika kwa kuhesabu fremu. Nimeirudisha 30. Ningeweza kuandika mwendo upya, lakini huruma ya fremu nne, kuruka, kujificha, vyote vimepimwa kwa 30 na vidole vya watoto. Siligusi tena.

26 Mei

Kisanduku ni cha sabuni, kile cha plastiki chenye kifuniko, 2,500. Cha kwanza kilipasuka nilipotoboa kwa drili. Cha pili nimetoboa kwa msumari uliopashwa moto, polepole. Vitufe vidogo vya milimita 6 (kumi kwa 2,000) viliumiza vidole, nimeweka vya milimita 12 vyenye kofia, vitano kwa 3,500.

Mashine ilikaa Jambiani wiki mbili kwa watoto. Imerudi kitufe cha kulia hakisikii na nyuzi zina ukungu wa kijani. Hewa ya chumvi, pamoja na mabaki ya dawa ya kulehemu niliyokuwa mvivu wa kuyafuta. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikaacha ikauke juani, halafu maungio yote nimeyapaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili. Usipake ndani ya vitufe wala kwenye tundu la USB. Hii ingefanywa siku ya kwanza, hasa na anayeishi pwani. Na visiwani nani haishi pwani.

Mpwa wangu wa mjini, aliyeijua gemu tangu Januari, alishindana na mjukuu wa ami, mtoto wa kike wa miaka tisa anayefuatana na bibi yake kwenye mwani. Chumba cha 23, bamvua, hakijawahi kufunguliwa na mtoto. Mpwa alianza kukimbia. Yule wa kike alikaa bila kugusa kitufe hata kimoja mpaka Duvi akajificha, kisha akatembea hatua chache, akarudi, akatembea tena. Nilimuuliza unafanya nini. "Nangoja maji yaanze kukimbia, ami." Alikuwa akizipoteza hatua kwa makusudi ili safu ya tatu imkute kwenye jabali. Hilo jibu mimi mwenyewe sikulijua. Langu lilikuwa la hatua nane zaidi.

2 Juni

Vyumba 32 vimekamilika, 18 vya bamvua na 14 vya maji mafu. Programu nzima inakaa ndani ya baiti 28,672 na imebaki nafasi ya kutosha kwa vyumba vinane nilivyoahidi.

Pesa iliyotoka mfukoni, pamoja na lehemu na waya 6,000 na kifurushi cha boti mara mbili kwa 5,000 kila mara, ni shilingi 112,000. Kati ya hizo 32,000 ni za makosa: skrini ya pini nne, betri iliyovimba, TP4056 isiyo na ulinzi, vitufe vidogo, kisanduku kilichopasuka, na safari moja ya kifurushi. Anayefuata shajara hii bila kurudia ujinga wangu atatumia 80,000.

Hitilafu moja haijatoka: ukianza chumba upya wakati maji yanapwa, mara nyingine safu ya juu inabaki imechorwa mpaka upige hatua moja. Haidhuru fumbo. Ami anaiita povu na hataki niiondoe.

Mjukuu wake anataka mashine yake. Kibao cha pili kimevuka jana, na skrini yake nilizihesabu pini kaunta kabla sijatoa pesa. Saba.